Mtani Asiyefika Msibani: Uhakiki wa Ucheshi katika Sauti za Chapa za Biashara Mitandaoni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ucheshi unaotumiwa na chapa za biashara katika mitandao ya kijamii. Ushauri wa kawaida wa masoko huupima ucheshi huo kwa kuangalia mada: ipi ni salama kufanyiwa mzaha na ipi si salama. Makala yanadai kwamba kigezo hicho hakitoshi, na kwamba utani, kama unavyofahamika katika jamii za Afrika Mashariki, unatupatia kigezo bora zaidi kwa sababu huuliza juu ya uhusiano kabla ya kuuliza juu ya mada. Kwa kutumia maswali matatu yatokanayo na utani, yaani nani ana uwezo wa kujibu, nani anabeba gharama ya mzaha, na nani anafika siku ya msiba, makala yanachambua mifano ya Wendy's ya Marekani, Nando's ya Afrika Kusini, na matukio mawili ya KFC: la Uingereza mwaka 2018 na la Kenya mwaka 2022. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watafiti wa Kiswahili na washauri wa sera, hususani kuhusu taasisi za umma zinazovutiwa na mtindo huo wa mawasiliano.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa Januari 2022, migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa vibanzi, ambavyo Watanzania huviita chipsi. Kampuni iliwaarifu wateja wake mtandaoni kwa Kiingereza cha mazungumzo na kwa mzaha. Ilisema, kwa ufupi, kwamba wateja wanavipenda vibanzi vyake kupita kiasi, ndiyo maana vimekwisha. Kisha ikaomba radhi na kuahidi kulishughulikia tatizo. Kwa vipimo vya kawaida vya masoko, ujumbe ule haukuwa na dosari. Ulikuwa mfupi na mchangamfu. Haukumtukana mtu, wala haukugusa dini, kabila, siasa au kifo. Hata hivyo, katika muda wa siku chache Wakenya mtandaoni walikuwa wakihimizana kuisusia kampuni hiyo, na mjadala ulikwisha kuhama kutoka kwenye sahani ya mteja hadi kwenye shamba la mkulima wa viazi.

Swali linaloongoza makala haya linatokana na tukio hilo: kwa nini mzaha usio na neno baya ulizaa hasira? Jibu jepesi ni kwamba watu wa mitandaoni hukasirika upesi. Jibu hilo halitusaidii, kwa kuwa watu haohao ni mabingwa wa mzaha. Mwaka 2015, kituo cha televisheni cha CNN kilipoielezea Kenya kama kitovu cha ugaidi kuelekea ziara ya Rais Barack Obama, Wakenya hawakujibu kwa matusi pekee; walijibu kwa wingi wa vichekesho, hata kiongozi mmoja wa kituo hicho akasafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Hadhira yenye ufundi wa namna hiyo haiwezi kusemwa kwamba haielewi mzaha. Pengine inauelewa kuliko waliouandika.

Makala haya ni uhakiki wa matini na mazingira yake. Hayapimi mauzo wala hayahesabu wafuasi. Yanauliza swali ambalo mhakiki wa fasihi simulizi amezoea kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, kwa idhini gani, na kwa wajibu gani?

2.0 Utani kama Kigezo cha Uhakiki

Kiswahili kina msamiati mpana wa ucheshi, na maneno yake hayabadilishani nafasi kiholela. Mzaha na masihara ni maneno ya jumla: hutaja jambo lisilosemwa kwa dhati. Dhihaka na kejeli humshusha anayesemwa. Kijembe hulenga mtu bila kumtaja na humwachia mzigo wa kujitambua. Utani ni jambo jingine kabisa. Neno hili halitaji aina ya maneno tu bali hutaja uhusiano. Mtu anaweza kufanya mzaha na yeyote, lakini hawi mtani wa yeyote. Mtani ni mtu mwenye nafasi maalumu kwako, aliyoirithi kwa ukoo, kwa kabila au kwa historia.

Wataalamu wa anthropolojia waliliona jambo hili mapema. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuelezea uhusiano wa utani kuwa mchanganyiko wa pekee wa urafiki na uhasama. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani katika Tanganyika mwaka 1944. James Christensen, aliyewachunguza Waluguru na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963, aliuunganisha mzaha na uhuru wa kingono na wajibu wa kijamii katika kichwa chenyewe cha makala yake. Muunganiko huo wa uhuru na wajibu ndio kiini cha hoja yetu. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani, na kwa utani huo wanaweza kuambiana maneno ambayo mgeni akiyatamka yatamletea matatizo. Lakini mtani huyohuyo, msiba ukitokea, ndiye anayetarajiwa kufika, kushika jembe, kuchota maji, kusimamia mapishi na kuchekesha wafiwa. Anaweza kumuigiza marehemu na kudai malipo kabla jeneza halijapita, na hakuna anayechukia, kwa sababu mikono yake ina udongo wa kaburi.

Maelezo haya yanapingana na ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wasimamizi wa kurasa za biashara, kwamba wakati wa huzuni si wakati wa kuchekesha. Katika utani, wakati wa huzuni ndio hasa wakati wa kuchekesha. Kinachohalalisha kicheko ni nafasi ya anayechekesha. Mada haina uamuzi katika jambo hilo. Tunapata hapa maswali matatu ya kuhakiki. Kwanza, je, anayetaniwa ana uwezo wa kutania naye? Pili, gharama ya mzaha inaangukia kwa nani? Tatu, je, mtani yupo siku ya msiba?

Mfano wa karibu utaonyesha jinsi maswali haya yanavyofanya kazi. Klabu za Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa na waandishi wa michezo wa Tanzania watani wa jadi. Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na kwa zaidi ya miaka kumi mashabiki wake waliinua vidole vitano kila walipokutana na wenzao. Novemba 2023 Yanga ilishinda mabao 5 kwa 1, na vidole vilevile vikainuliwa upande wa pili. Utani wa klabu hizi unavumilika kwa kuwa kila upande unajua kwamba zamu yake ya kuchekwa itafika. Anayecheka leo ameweka rehani.

3.0 Nani Ana Uwezo wa Kujibu?

Biashara ya Waswahili haikuanza kutumia ucheshi na mitandao ya kijamii. Kanga ni ushahidi. Kwa zaidi ya karne moja wafanyabiashara wa pwani, miongoni mwao nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa ambayo kanga zake hujulikana kwa maandishi ya Mali ya Abdulla, wameuza nguo zenye jina, yaani msemo uliochapwa juu ya kitambaa. Misemo mingi ni vijembe vyenye ucheshi mkali. Lakini tuangalie mgawanyo wa kazi. Mfanyabiashara hachokozi mtu. Anatunga au kuchagua maneno, anayachapa, kisha anamuuzia mnunuzi. Mnunuzi ndiye anayeamua amvalie nani, siku gani, na mbele ya mlango gani. Aliyechokozwa naye anaweza kwenda dukani kutafuta kanga ya kujibia. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara wa kanga anamkabidhi mteja ulimi na kubaki na fedha.

Akaunti ya chapa mtandaoni imeugeuza mgawanyo huo. Sasa mfanyabiashara anautumia ulimi yeye mwenyewe, na mteja amekuwa hadhira au shabaha. Mfano unaotajwa sana ni wa Wendy's, kampuni ya hambaga ya Marekani. Januari 2017 mtumiaji mmoja wa Twitter alitilia shaka madai ya kampuni kwamba nyama yake haigandishwi kamwe; akaunti ya kampuni ikamjibu kwa kumcheka kana kwamba amesahau kuwa duniani kuna majokofu. Jibu hilo lilisambaa na kuzaa mtindo ulioigwa na kampuni nyingi. Kwa kigezo cha utani, tukio hilo lina kasoro. Upande mmoja ulikuwa na wafuasi wengi na waandishi wanaolipwa. Upande wa pili ulikuwa mtu mmoja. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha watani wawili bali cha umati uliosimama nyuma ya mwenye nguvu.

Haki inatudai tuseme pia kwamba kampuni hiyo ilijifunza jambo. Mwaka 2018 ilianzisha siku maalumu ambapo watu na hata kampuni nyingine huomba wenyewe wachekwe. Ombi hilo linaleta ridhaa, na ridhaa inausogeza mzaha karibu na utani. Karibu zaidi ni tukio la mwaka 2017, pale kijana mmoja alipouliza ni mara ngapi ujumbe wake usambazwe ili apewe vipande vya kuku bure kwa mwaka mzima. Kampuni ilimjibu kwa mzaha: milioni 18. Ujumbe ulisambazwa zaidi ya mara milioni 3, ukavunja rekodi ya wakati huo bila kufikia lengo. Kampuni ilimpa kijana kuku wake, na ikachangia dola 100,000 kwa taasisi inayoshughulikia watoto wanaohitaji kuasiliwa. Hapa mzaha ulizaa wajibu, na wajibu ukatimizwa.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuishia kwenye mazungumzo yanayoonekana. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2016, umoja wa wafanyakazi wa mashambani wa Immokalee, Florida, ulitangaza mgomo wa kuisusia Wendy's kwa kutojiunga na mpango wa kulinda haki za wachuma nyanya, mpango ambao kampuni nyingine kubwa za chakula zilikuwa zimejiunga nao. Kampuni ilishikilia kwamba ina taratibu zake za kusimamia wanaoiuzia bidhaa. Msomaji anayeziweka habari hizi mbili pamoja ataona mpaka wa ucheshi wa chapa. Sauti iliyo tayari kujibizana na yeyote kuhusu majokofu haikuwa na utani wa kumpa mchuma nyanya. Uchangamfu wote ulielekezwa kwa mlaji, na mzalishaji alibaki nje ya barza.

4.0 Nani Anabeba Gharama ya Mzaha?

Swali la pili linahusu gharama. Katika utani wa jadi, anayetania yupo uwanjani: akivuka mpaka atatozwa yeye, tena papo hapo. Katika ucheshi wa chapa, anayetunga mzaha mara nyingi yuko mbali na anayeulipia.

Mwishoni mwa mwaka 2011, Nando's ya Afrika Kusini ilitoa tangazo la kuchekesha lililomwonyesha mwigizaji wa Rais Robert Mugabe akiwakumbuka madikteta wenzake ambao hawapo tena. Tangazo lilitengenezwa kwa ajili ya televisheni lakini lilivuka mipaka kupitia intaneti, na watazamaji wengi walilipokea kwa furaha. Lilipofika Zimbabwe, kundi la vijana wenye kumuunga mkono rais lilitoa vitisho, na kampuni ikaliondoa tangazo kwa sababu ya usalama wa wafanyakazi wake na wateja nchini humo. Kama kejeli ya kisiasa, tangazo lile lilikuwa na ujasiri. Swali ni ujasiri wa nani. Waandishi walikuwa Afrika Kusini. Aliyesimama nyuma ya kaunta Harare hakuwa ameombwa ridhaa.

Funzo la mfano huu si kwamba biashara inyamaze mbele ya watawala. Vitisho vile vilikuwa kosa la waliovitoa. Funzo ni kwamba ucheshi wa chapa ya kikanda husafiri kuliko walioutunga, na kwamba ramani ya hatari yake si ramani ya soko lililokusudiwa. Jambo hili linaihusu sana Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo benki, kampuni za simu na maduka makubwa hutumia jina moja katika nchi kadhaa na Kiswahili kinazidi kuwa lugha ya pamoja ya matangazo. Kila msomaji wa makala haya anaijua kauli ya utani isemayo kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Kauli hiyo ikitamkwa na mshiriki wa kongamano akiwa mezani na wenzake wa Nairobi na Kampala, wote hucheka, kisha Mkenya hujibu. Ikitamkwa na akaunti ya kampuni yenye makao Dar es Salaam kwa wateja wake wa Goma, inakuwa tusi lenye muhuri. Maneno ni yaleyale. Aliyekosekana ni mtani.

5.0 Nani Anafika Siku ya Msiba?

Methali husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na KFC inatupatia nafasi adimu ya kulijaribu, kwa kuwa chapa hiyohiyo ilipata upungufu wa aina ileile mara mbili na ikatumia mzaha mara zote mbili.

Februari 2018, baada ya kubadilisha kampuni ya usambazaji, KFC nchini Uingereza iliishiwa kuku. Zaidi ya nusu ya migahawa yake takriban 900 ilifungwa. Kampuni ilichapisha tangazo la ukurasa mzima katika magazeti ya The Sun na Metro, ambalo lilisambazwa sana mitandaoni. Tangazo lilionyesha ndoo tupu ya kuku ambayo herufi tatu za jina la kampuni zilipangwa upya zikakaribia neno la Kiingereza ambalo mtu hulitamka anapotambua kwamba ameharibu mambo. Chini yake kampuni ilikiri kwamba mgahawa wa kuku usio na kuku ni jambo lisilofaa, ikawaomba radhi hasa wateja waliosafiri na kukuta milango imefungwa, na ikawashukuru wafanyakazi na washirika waliokuwa wakihangaika kurekebisha hali.

Mzaha huo ulipata sifa nyingi, na sifa hizo mara nyingi zimetolewa kwa ubunifu wa herufi. Kwa maoni ya makala haya, herufi ni sehemu ndogo ya sababu. Kilichofanya kazi ni mpangilio wa lawama. Kampuni ilijicheka yenyewe kwa kutumia jina lake lenyewe. Ilimtaja aliyeumia. Ilimtaja anayefanya kazi. Ilifika msibani ikiwa na jembe, kisha ndipo ikachekesha.

Turudi sasa Nairobi. Ujumbe wa Januari 2022 ulikuwa na mpangilio tofauti. Katika sentensi yake, anayetenda ni mteja: yeye ndiye apendaye kupita kiasi, na upungufu ni matokeo ya mapenzi yake. Sifa hiyo, ingawa ni tamu, imemgeuza mteja kuwa chanzo cha tatizo. Kampuni imebaki kama mwenyeji aliyezidiwa na wageni. Sababu halisi ilijitokeza baadaye: kampuni ilikuwa ikiagiza viazi vyake kutoka nje, na shehena ilikuwa imechelewa kutokana na misukosuko ya usafirishaji wa wakati wa UVIKO-19. Ilieleza kwamba kila anayeiuzia bidhaa lazima apitishwe kwanza na utaratibu wa kimataifa wa ubora.

Kiazi si zao dogo nchini Kenya. Ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, na hulimwa kwa wingi Nyandarua, Meru, Nakuru na Elgeyo Marakwet. Wakati migahawa inakosa vibanzi, nchi haikuwa na uhaba wa viazi. Kwa hiyo mzaha ulioandikwa kwa ajili ya mlaji ulisomwa na mtoto wa mkulima, na mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja. Anayekula vibanzi mjini ndiye anayetumiwa gunia la viazi kutoka nyumbani. Kwake yeye, kauli kwamba vibanzi vimekwisha kwa sababu anavipenda mno haikuwa utani. Alikuwa akiambiwa na mgeni kwamba nyumba yao haina chakula, ilhali ghala limejaa.

Hapa ndipo hasira inapoeleweka. Wakenya hawakuukataa mzaha kama mzaha. Waliujibu kwa mizaha yao mingi. Walichokikataa ni dai la utani lisilo na wajibu. Chapa ilizungumza kwa sauti ya mtu wa nyumbani, nao wakaiuliza swali ambalo mtu wa nyumbani huulizwa: umemfanyia nini mkulima wetu? Mjadala ulifika hadi serikalini, na kampuni ikatangaza nia ya kuanza kununua viazi kwa wazalishaji wa ndani. Ni muhimu kuona kwamba suluhisho halikuwa mzaha bora zaidi. Lilikuwa ahadi ya kubadilisha uhusiano. Hakuna mhariri, hata awe na kipaji gani, ambaye angeuokoa ujumbe ule kwa kubadilisha maneno yake tu.

Mfano mmoja wa nyongeza unathibitisha hoja hii kutoka upande mwingine. Septemba 2014 wanawake nchini Marekani walikuwa wakisimulia kwenye Twitter, chini ya alama moja ya pamoja, kwa nini walibaki katika ndoa na mahusiano yenye ukatili. Akaunti ya DiGiorno, chapa ya piza iliyogandishwa, iliidandia alama hiyo kwa mzaha wa kuuza piza bila kuchunguza maana yake. Iliufuta ujumbe upesi na kuomba radhi kwa mtu mmoja mmoja. Ushauri wa kawaida husema kampuni ilikosea mada. Utani unatuambia zaidi: hata bila mada hiyo, ilikuwa imeingia katika nyumba ya watu waliokusanyika kwa jambo lao bila kujulikana na yeyote, ikaanza kuchekesha kabla ya kutoa pole.

6.0 Pingamizi

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba utani ni taasisi ya watu, na kampuni si mtu. Kuipima kampuni kwa wajibu wa mtani ni kuitaka iwe kitu isichoweza kuwa. Pingamizi hii ingekuwa na nguvu kama kampuni zenyewe zingezungumza kama kampuni. Lakini zimechagua nafsi ya kwanza, lugha ya mtaani na ukaribu wa rafiki. Anayejipa nafasi ya mtani amejifungulia mwenyewe mlango wa kudaiwa.

Ya pili ni kwamba tunaupamba utani wa jadi. Ni kweli kwamba utani umetumiwa pia kuumiza, na kwamba uhuru wake wa kusema na hata kugusa umewadhalilisha wanawake katika mazingira fulani. Makala haya hayadai kwamba kila utani ni mwema. Yanadai kwamba jamii zilizouishi zilijua kuwa uhuru wa kuchekesha una bei, na ziliweka utaratibu wa kuilipa. Maarifa hayo yanafaa kuchukuliwa hata kama baadhi ya desturi zenyewe zimestahili kuachwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Ucheshi wa chapa hauhukumiwi kwa ukali wa maneno yake wala kwa usalama wa mada yake pekee. Hukumu yake inategemea kama anayechekwa anaweza kujibu, kama gharama inamrudia mwenye mzaha, na kama mwenye mzaha huonekana siku ya shida. Wendy's ilifaulu pale mzaha wake ulipozaa wajibu na ikapungukiwa pale wajibu huo ulipoishia kwa mlaji. Tofauti kati ya Uingereza ya 2018 na Kenya ya 2022 ni ileile iliyopo kati ya aliyejicheka akiwa kazini na aliyewachekea wageni mlangoni ilhali mwenye shamba hajaitwa.

Kwa watafiti wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kukusanya na kuhifadhi mabishano ya chapa na wateja kwa Kiswahili kama utanzu hai wa malumbano, kwa kufuata maadili ya faragha ya watu binafsi. Ujumbe wa kampuni usichunguzwe peke yake. Majibu ya watu ndiyo nusu ya pili ya matini, na mara nyingi ndiyo nusu bora. Aidha, tofauti za Kiswahili cha Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura na Lubumbashi zichunguzwe katika uwanja huu wa ucheshi, ambamo neno moja laweza kuwa kicheko upande huu wa mpaka na aibu upande wa pili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuiratibu kazi hiyo.

Kwa washauri wa sera, makala yanapendekeza mambo matatu. La kwanza linahusu taasisi za umma. Shirika la maji, la umeme au mamlaka ya kodi linaloiga ucheshi wa chapa lizingatie kwamba mteja wake hana duka jingine la kwenda. Mwongozo wake wa mawasiliano useme wazi kwamba lalamiko la huduma hujibiwa kwanza kwa huduma, na kwamba mzaha wa taasisi, ukiwepo, uielekee taasisi yenyewe. Mwananchi asiye na maji kwa wiki nzima anaweza kulitania shirika. Shirika halina nafasi ya kumtania yeye.

La pili ni kuhusu sheria. Haipendekezwi kutunga kanuni za kudhibiti ucheshi mtandaoni. Uzoefu unaonyesha kwamba kanuni za maudhui huwabana wasemaji wadogo kabla ya kuwagusa wakubwa, na bila haki ya mdogo kujibu, utani hufa na kubaki kejeli ya mwenye nguvu. Kinachohitajika ni kulinda haki ya mtumiaji kuikosoa na kuicheka bidhaa bila kutishwa kwa mashtaka, haki inayoafikiana na ulinzi wa watumiaji ambao Katiba ya Kenya ya 2010 imeutambua katika ibara ya 46.

La tatu ni kuhusu mnyororo wa uzalishaji. Serikali zinapojadiliana na kampuni za kimataifa za chakula kuhusu ununuzi wa mazao ya ndani, zisingoje dhoruba ya mitandaoni ndipo ziulize viazi vinatoka wapi. Mkulima wa Nyandarua, na mwenzake wa Njombe au Mbeya, ahitaji kujua mapema viwango vya ubora anavyotakiwa kuvifikia na nani atamsaidia kuvifikia. Siku hiyo ikifika, kampuni inaweza kuwatania walaji wake kuhusu mapenzi yao kwa vibanzi kadiri ipendavyo. Watacheka, kwa sababu watakuwa wanamjua aliyevilima.